Shajara ya mradi: kufuta folda pamoja na watoto, wajukuu na vitukuu vyake

Mradi huu ni hifadhi ya nyaraka. Nyaraka hukaa ndani ya folda, na folda hukaa ndani ya folda nyingine bila ukomo wa kina. Jedwali la folda ni moja tu: kila rekodi ina `id`, `jina` na `mzazi_id`, ambayo ni ufunguo wa kigeni unaorudi kwenye jedwali lile lile. Folda ya juu kabisa haina mzazi, kwa hiyo `mzazi_id` yake ni NULL, yaani haina thamani.

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kitufe cha "Futa folda" kifanye kile ambacho mtumiaji anaamini kinafanya: kuondoa folda na vyote vilivyomo, bila kuacha mabaki na bila kugusa kisichohusika. Zana ni Python, SQLAlchemy 2.0 kama ORM (maktaba inayogeuza rekodi za jedwali kuwa vitu vya Python), na PostgreSQL kama hifadhidata. Majaribio ya haraka yanaendeshwa kwenye SQLite.

3 Februari 2025: muundo na mti wa majaribio

Muundo wa kuanzia:

```python
class Folda(Base):
    __tablename__ = "folda"
    id: Mapped[int] = mapped_column(primary_key=True)
    jina: Mapped[str]
    mzazi_id: Mapped[int | None] = mapped_column(ForeignKey("folda.id"))

    mzazi: Mapped["Folda | None"] = relationship(
        back_populates="watoto", remote_side=[id])
    watoto: Mapped[list["Folda"]] = relationship(back_populates="mzazi")
```

`remote_side=[id]` ni ya lazima. Pande zote mbili za uhusiano ni jedwali moja, na bila alama hiyo ORM haina namna ya kujua upande upi ni wa mzazi na upi ni wa mtoto.

Mti wa majaribio una shina moja, watoto 10, wajukuu 100, vitukuu 1,000 na vilembwe 10,000. Jumla ni folda 11,111. Nimeuchagua kwa sababu unafichua gharama ambazo mti wa folda tano hauwezi kuzionyesha hata siku moja.

6 Februari: ufutaji wa kwanza, na watoto waliogeuka mashina

`kikao.delete(shina)` ilipita bila kosa lolote (kikao ndicho ORM inachotumia kuzungumza na hifadhidata). Shina lilitoweka. Folda zilizobaki zilikuwa 11,110.

ORM ilifanya kile ambacho hufanya isipopewa maelekezo mengine: iliwasoma watoto kumi, ikaandika NULL kwenye `mzazi_id` ya kila mmoja, kisha ikafuta shina. Kwenye majedwali mawili tofauti, ambapo ufunguo wa kigeni kwa kawaida ni NOT NULL, hatua hiyo ingegonga ukuta na kosa lingeonekana papo hapo. Kwenye jedwali linalojirejelea NULL ina maana halali, yaani "mimi ni shina". Kwa hiyo watoto kumi walipanda daraja kimyakimya, na kwenye skrini mtumiaji angeona folda moja ikiondoka na kumi mpya zikichipuka mahali pake.

Hili ndilo linaloutofautisha muundo huu na mahusiano mengine ya mzazi na mtoto, na ndiyo sababu nimeongeza jaribio linalohesabu mashina kabla na baada ya kila ufutaji. Kuhesabu rekodi peke yake hakutoshi.

8 Februari: agizo kwenye upande usio wake

Kurekebisha ni neno moja, `cascade`, agizo linalofanya kitendo kwenye kitu kimoja kishuke hadi kwa vinavyohusiana nacho, lakini mahali linapokaa ni suala la uhai na kifo cha data. Tawi moja la msimbo lilikuwa limeandikwa kwa njia ya mkato, uhusiano ukitangazwa upande wa mtoto pekee:

```python
mzazi = relationship("Folda", remote_side=[id],
                     backref="watoto", cascade="all, delete")
```

Inasomeka vizuri. Ila agizo hilo liko kwenye `mzazi`, kwa hiyo linasema: ukifuta folda hii, mfute na mzazi wake. Kufuta kilembwe kimoja kulipanda juu hadi kwenye shina, kukaondoa kila mzazi njiani, na ndugu wote wa pembeni wakageuzwa mashina kwa njia ile ile ya tarehe 6. Ukiandika `delete-orphan` upande huo, SQLAlchemy inakataa na kueleza kwamba agizo hilo ni la upande wa "mmoja kwa wengi". Kwa `delete` tupu haikatai.

Marekebisho:

```python
watoto: Mapped[list["Folda"]] = relationship(
    back_populates="mzazi", cascade="all, delete-orphan")
```

Nimeachana na `backref` mradi mzima. Kwa uhusiano wa aina hii nataka pande zote mbili zionekane kwa macho, kila moja na maagizo yake.

11 Februari: inafuta sawasawa, lakini kwa gharama gani

Sasa folda zote 11,111 zinaondoka. Rekodi ya amri za SQL inaonyesha SELECT moja kwa kila folda, vilembwe vikiwemo, maana ORM haijui kwamba folda haina watoto mpaka iulize. Hizo ni SELECT 11,111 za kutafuta watoto. Uhusiano wa folda na nyaraka ulipopewa agizo hilo hilo, ziliongezeka 11,111 nyingine, zikawa 22,222. Zote ni kwa ajili ya kuleta kwenye kumbukumbu vitu ambavyo sekunde chache baadaye havitakuwepo.

Nilijaribu kwanza kupunguza safari. SQLAlchemy 2.0 ina njia ya kupakia mti ngazi kwa ngazi:

```python
shina = kikao.scalars(
    select(Folda).where(Folda.id == kitambulisho)
    .options(selectinload(Folda.watoto, recursion_depth=-1))
).one()
```

Inauliza watoto wa wazazi hadi 500 kwa amri moja, kwa hiyo mti wetu unahitaji SELECT zisizozidi 30. Ni nafuu kubwa, na mtu asiyeruhusiwa kugusa muundo wa hifadhidata anaweza kuishia hapa kwa amani. Lakini bado vitu 11,111 vinaundwa Python ili vifutwe, na hilo sikuridhika nalo.

15 Februari: kuikabidhi hifadhidata kazi

PostgreSQL inakubali `ON DELETE CASCADE`, yaani mzazi akifutwa hifadhidata yenyewe ifute watoto, kwenye ufunguo unaojirejelea. Kinachosahaulika ni kwamba kuandika `ondelete="CASCADE"` kwenye msimbo hakubadilishi jedwali lililokwisha kuundwa. Lazima sharti la zamani liondolewe na jipya liwekwe:

```sql
ALTER TABLE folda
  DROP CONSTRAINT folda_mzazi_id_fkey,
  ADD CONSTRAINT folda_mzazi_id_fkey
    FOREIGN KEY (mzazi_id) REFERENCES folda (id)
    ON DELETE CASCADE NOT VALID;
ALTER TABLE folda VALIDATE CONSTRAINT folda_mzazi_id_fkey;
```

`NOT VALID` huahirisha ukaguzi wa rekodi za zamani, ili kufuli zito kwenye jedwali lidumu kitambo kidogo tu. Ukaguzi wenyewe unafanywa na amri ya pili, kwa kufuli jepesi zaidi, mradi iendeshwe kwenye muamala wake (muamala ni kundi la amri zinazothibitishwa au kurudishwa nyuma kwa pamoja).

Upande wa ORM unahitaji kuambiwa habari hiyo pia, vinginevyo utaendelea kuleta watoto wote kama jana:

```python
watoto: Mapped[list["Folda"]] = relationship(
    back_populates="mzazi", cascade="all, delete-orphan",
    passive_deletes=True)
```

`passive_deletes=True` inamaanisha: watoto ambao tayari wamepakiwa, ORM itawafuta yenyewe; ambao hawajapakiwa, waachie hifadhidata. SELECT elfu kumi na moja zimeisha. Imebaki DELETE moja.

Kisha majaribio ya SQLite yakaanguka yote. Shina lilifutwa, watoto wakabaki na `mzazi_id` inayoelekeza kwenye rekodi isiyokuwepo tena. SQLite huzaliwa ikiwa imezima ukaguzi wa funguo za kigeni, na lazima uuwashe kwa kila muunganisho:

```python
@event.listens_for(injini_ya_majaribio, "connect")
def washa_funguo(muunganisho, _):
    kasa = muunganisho.cursor()
    kasa.execute("PRAGMA foreign_keys=ON")
    kasa.close()
```

Agizo hilo likitolewa katikati ya muamala halifanyi chochote wala halilalamiki, ndiyo maana linakaa kwenye tukio la kuunganishwa. Tazama pia jinsi hatari ilivyohama: kabla ya leo ufutaji ulifanywa na ORM na ulikuwa sahihi popote, kuanzia leo unategemea hifadhidata iliyo chini yake. Nimeweka jaribio linalofuta mti na kutafuta rekodi zenye mzazi asiyekuwepo, na linaendeshwa kwenye SQLite na kwenye PostgreSQL.

Jambo moja zaidi la kunakili. Kitu kilichokuwa kimepakiwa kivyake kwenye kikao, bila kupitia orodha ya `watoto` ya mzazi wake, hakijui kwamba hifadhidata imekifuta. Ukikisoma baada ya muamala kuthibitishwa unapata `ObjectDeletedError`. Ukikibadilisha kabla ya hapo unapata `StaleDataError`. Huduma ya kufuta sasa inafungua kikao chake na kukifunga mara kazi inapokwisha.

19 Februari: DELETE moja iliyochukua muda kuliko maelfu

Amri ni moja, lakini kwenye PostgreSQL ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia. Nilichunguza hivi, nikikumbuka kwamba `EXPLAIN ANALYZE` hutekeleza amri kwelikweli:

```sql
BEGIN;
EXPLAIN ANALYZE DELETE FROM folda WHERE id = 1;
ROLLBACK;
```

Kufuta shina lenyewe ni kazi ya kufumba na kufumbua. Karibu muda wote uko kwenye mstari wa chini, unaotaja kichochezi (msimbo ambao hifadhidata huendesha yenyewe rekodi inapoguswa) cha sharti `folda_mzazi_id_fkey`. Kila rekodi inapofutwa, PostgreSQL hutafuta watoto wake kwa `mzazi_id`, na PostgreSQL haitengenezi yenyewe faharasa, yaani orodha ya kutafutia haraka, kwenye safuwima ya ufunguo wa kigeni. Inatengeneza kwenye ufunguo mkuu na kwenye masharti kama ya UNIQUE. Pasipo faharasa, kila utafutaji ni kupitia jedwali zima: mara 11,111 juu ya rekodi 11,111, yaani zaidi ya rekodi milioni 123 kusomwa kwa ajili ya mti mmoja, hata kama jedwali halina kitu kingine ndani yake.

```sql
CREATE INDEX CONCURRENTLY folda_mzazi_id_idx ON folda (mzazi_id);
CREATE INDEX CONCURRENTLY waraka_folda_id_idx ON waraka (folda_id);
```

`CONCURRENTLY` haikubali kuwa ndani ya muamala, na Alembic, zana ya kubadilisha muundo wa hifadhidata, kwenye PostgreSQL hufungua muamala yenyewe. Amri hizo zikae ndani ya `with op.get_context().autocommit_block():`. Baada ya hapo ufutaji wa mti mzima uko chini ya sekunde. Usisahau faharasa ya pili: kila jedwali linaloelekeza kwenye folda linatafutwa kwa njia hiyo hiyo, na likiwa moja tu limeachwa bila faharasa, linarudisha tatizo lote.

24 Februari: folda iliyopandishwa ikafa

Kipengele kipya kiliruhusu kuitoa folda ndani ya nyingine na kuifanya shina. Msimbo wake ni mstari mmoja: `folda.mzazi = None`. Folda ilifutwa, na tawi lake lote likaifuata.

Sababu ni `delete-orphan`. Maana yake ni kwamba mtoto aliyetolewa kwenye orodha ya mzazi wake, asipate mzazi mwingine, ni yatima na anafutwa. Kwa mistari ya ankara hiyo ni tabia nzuri, kwa kuwa mstari usio na ankara hauna maana. Kwa mti wa folda, asiye na mzazi ni shina, na mashina ni raia halali. Kuhamisha folda kutoka mzazi mmoja kwenda mwingine kulikuwa salama muda wote, na ndiyo sababu majaribio ya kuhamisha hayakuliona hili. Lililoongeza uzito ni mabadiliko ya tarehe 15: ORM iliifuta folda moja kama yatima, hifadhidata ikakamilisha kwa wajukuu na vitukuu.

```python
watoto: Mapped[list["Folda"]] = relationship(
    back_populates="mzazi", cascade="all", passive_deletes=True)
```

`all` peke yake inabeba `delete` lakini haibebi `delete-orphan`. Mtu anayenakili msimbo kutoka kwenye mifano mingi inayozunguka atakuta `"all, delete-orphan"` imeandikwa kama pacha wasiotengana. Kwenye jedwali linalojirejelea watenganishe, isipokuwa kama mti wako hauruhusu kabisa kitu kupanda na kuwa shina.

1 Machi: faili zilizobaki kwenye diski

Rekodi za nyaraka zinafutika pamoja na folda. Faili zenyewe hazifutiki. Zamani tukio la `before_delete` la ORM lilizishughulikia; sasa ORM haizioni rekodi hizo kabisa, kwa hiyo tukio halitokei. `DELETE ... RETURNING` nayo haisaidii, kwa sababu inarudisha rekodi zilizofutwa na amri yenyewe, sio zile zilizoshuka nazo.

Jaribio la kwanza lilikuwa kukusanya njia za faili kabla ya kufuta:

```sql
WITH RECURSIVE tawi AS (
  SELECT id FROM folda WHERE id = :id
  UNION
  SELECT f.id FROM folda f JOIN tawi t ON f.mzazi_id = t.id
)
INSERT INTO faili_za_kufuta (njia)
SELECT w.njia FROM waraka w JOIN tawi t ON w.folda_id = t.id;
```

Inafanya kazi mtumiaji akiwa mmoja. Mtumiaji wa pili akipandisha waraka kati ya amri hii na DELETE inayofuata, waraka wake unafutwa na faili yake haimo kwenye orodha. Kufunga folda za tawi kwa `FOR UPDATE` kunapunguza mwanya bila kuuziba, kwani folda mpya inaweza kuingia kabla kufuli halijashika.

Suluhisho lililobaki ni kichochezi kwenye jedwali la nyaraka. Katika PostgreSQL, rekodi zinazofutwa kwa kushuka huamsha vichochezi vya jedwali lao kama zilizofutwa moja kwa moja:

```sql
CREATE FUNCTION panga_faili() RETURNS trigger AS $$
BEGIN
  INSERT INTO faili_za_kufuta (njia) VALUES (OLD.njia);
  RETURN NULL;
END $$ LANGUAGE plpgsql;

CREATE TRIGGER waraka_umefutwa AFTER DELETE ON waraka
FOR EACH ROW EXECUTE FUNCTION panga_faili();
```

Orodha inaandikwa ndani ya muamala ule ule. Ukirudishwa nyuma, orodha nayo inarudi, na hakuna faili inayopotea kimakosa. Kazi ya nyuma husoma jedwali la `faili_za_kufuta`, huondoa faili, kisha hufuta mstari wake. Ikikatika njiani, itaikuta faili haipo na kuendelea.

Ile amri ya kukusanya tawi haikutupwa. Inahesabu folda na nyaraka zitakazoondoka, na hesabu hiyo inaonyeshwa kwa mtumiaji kabla hajathibitisha.

6 Machi: duara

Folda A imehamishiwa ndani ya B, wakati B tayari iko ndani ya A. Hifadhidata haikuona kosa, kwa kuwa kila moja ina mzazi anayekuwepo. Zote mbili hutoweka kwenye skrini, maana hakuna shina linalozifikia, na ukiifuta mojawapo kwa `ON DELETE CASCADE` duara zima linaondoka na kila kilichoning'inia chini yake. ORM ikiwa ndiyo inayofuta vitu vilivyopakiwa, inakataa kwa `CircularDependencyError`, kwa sababu haijui yupi atangulie.

`CHECK (mzazi_id <> id)` imewekwa, lakini inazuia tu folda kuwa mzazi wa nafsi yake. Kwa duara refu, huduma ya kuhamisha inapanda kutoka kwa mzazi mpya hadi shina, na ikiikuta folda inayohamishwa njiani inakataa. Hilo nalo lina mwanya: watu wawili wakihamisha kwa wakati mmoja, A ndani ya B na B ndani ya A, kila ukaguzi unapita. Kwa hiyo kila uhamishaji huanza na `SELECT pg_advisory_xact_lock(...)`, kufuli la hiari linalodumu hadi muamala uishe, kwa namba moja ya mti husika, ili wanaohamisha wangojane.

Kutafuta maduara yaliyokwisha kuingia ni rahisi kuliko nilivyofikiri. Badala ya kuyafuata, hesabu walio hai kutoka kwenye mashina na uangalie nani amebaki nje:

```sql
WITH RECURSIVE hai AS (
  SELECT id FROM folda WHERE mzazi_id IS NULL
  UNION ALL
  SELECT f.id FROM folda f JOIN hai h ON f.mzazi_id = h.id
)
SELECT id, jina FROM folda WHERE id NOT IN (SELECT id FROM hai);
```

`UNION ALL` ni salama hapa kwa sababu kila folda ina mzazi mmoja, hivyo safari inayoanzia kwenye shina haiwezi kuingia kwenye duara. Kwenye amri ya tarehe 1 Machi, inayoanzia popote, lazima iwe `UNION` tupu, la sivyo ikikutana na duara haitakoma. PostgreSQL kuanzia toleo la 14 ina pia kifungu cha `CYCLE`.

10 Machi: kwa anayenakili kwenye hifadhidata nyingine

SQL Server inakataa `ON DELETE CASCADE` kwenye ufunguo unaojirejelea, kwa kosa namba 1785 linalozungumzia mizunguko au njia nyingi za kushuka. Huko acha `NO ACTION`, kusanya tawi kwa amri ya kujirudia na ulifute lote kwa DELETE moja, kwani sharti hukaguliwa amri ikishakamilika.

MySQL yenye InnoDB (injini yake ya kuhifadhi data) inakubali, na inatengeneza faharasa ya ufunguo wa kigeni yenyewe. Lakini kushuka kuna ukomo wa ngazi 15, na mti wenye kina zaidi ya hapo hautafutika kwa njia hii. Vilevile rekodi zinazofutwa kwa kushuka haziamshi vichochezi, hivyo mpango wa faili wa tarehe 1 Machi hautafanya kazi: orodha ikusanywe kabla, ndani ya muamala, uandishi kwenye mti huo ukiwa umezuiwa. DELETE moja ya tawi zima nayo ni ya kuangalia, kwa kuwa InnoDB hukagua sharti rekodi kwa rekodi. Panga watoto watangulie wazazi.

Hatua inayofuata ni kufuta kwa muda, ambapo folda inakaa kwenye kapu kabla ya kuondolewa kabisa. `ON DELETE CASCADE` haitasaidia hapo, kwa sababu kuweka alama ya kufutwa ni UPDATE. Amri ya `tawi` itafanya kazi hiyo.